Mkoba Uliobaki Kwenye Treni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege, mbele ya kibanda cha Fundi Komeo, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya changarawe. Kila asubuhi hukaa hapo watu watatu ambao hakuna aliyewaita na hakuna aliyewahi kufanikiwa kuwafukuza. Yupo Baharia, aliyepika melini msimu mmoja tu ujanani, na tangu hapo anaizungumzia dunia kama mtu anayezungumzia uani kwake. Yupo Wakili, ambaye kwa miaka ishirini na saba alihamisha mafaili ya mahakama kutoka chumba hiki kwenda kile, akastaafu akiamini kwamba yaliyoandikwa mle yalimwingia kupitia mabegani. Yupo Dokta Redio, fundi wa redio, ambaye redio anazotengeneza hazisemi lakini yeye hanyamazi. Anayewamiminia kahawa ni Bi Birika, na huwadharau wote bila upendeleo. Mwenye kibanda, Fundi Komeo, ni bingwa wa kufuli. Kwa miaka mingi mteja akija kulia kwamba amepoteza funguo, Fundi humtazama juu ya miwani na kumwuliza, “Na kichwa nacho umekiacha wapi?” Sasa ilikuwa siku ya tatu tangu arudi kutoka ng'ambo, alikompeleka dada yake kupasuliwa mgongo, na asubuhi hiyo, baada ya kukwepa maswali siku mbili nzima, maneno yalimponyoka: mkoba wenye karatasi zote za hospitali alikuwa ameupoteza.

— Ngoja, ngoja, alisema Baharia, akaweka kikombe chini ili acheke kwa mikono miwili. Umeupoteza wewe? Wewe mwenyewe?

— Ulibaki kwenye treni.

— Haukubaki. Mkoba hauna akili ya kubaki. Uliuacha.

Fundi alikuwa anachonga ufunguo wa mama mmoja aliyesimama kando akisubiri. Aliinamisha kichwa kwenye tupa yake. Alijua wangecheka, ndiyo maana alinyamaza siku mbili. Hakujua tu kwamba kungeuma hivi.

— Tueleze kwa utaratibu, alisema Wakili, akikunja nne. Tarehe, saa, mahali.

— Tulikuwa tunatoka hospitali kwenda uwanja wa ndege. Treni imejaa. Dada yuko kwenye kiti cha magurudumu, amesinzia kwa zile dawa. Mkoba nikausukuma chini ya kiti nilichokaa.

— Chini ya kiti kwa nini? Mahakamani hilo lingekuwa swali la kwanza.

— Mahakamani wewe ulikuwa unauliza chai imefika wapi, alisema Bi Birika. Endelea, Fundi.

Fundi aliiweka tupa chini. Sehemu iliyofuata ndiyo iliyokuwa inamkosesha usingizi.

— Mbele yangu kulikuwa na bwana mmoja, mtu mzima, sanduku lake amelifunga kwa kamba. Kamba, jamani! Katika nchi ya watu walioendelea! Sasa mimi nikaona nimsaidie. Nikauvuta mkoba nikamwonyesha lile kufuli langu, lile la chuma nililolitengeneza mwenyewe. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba hata msumeno hauliwezi. Nikaurudisha chini ya kiti. Nikaendelea kumweleza kuhusu pini za ndani. Mara naona kituo chetu. Nikashika kiti cha dada, nikashuka, mlango ukafunga.

— Na yule bwana wa kamba? aliuliza Bi Birika.

— Alishuka.

— Na sanduku lake?

Fundi alipuliza vumbi la shaba kwenye ufunguo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

— Alishuka nalo.

Bi Birika alicheka mpaka akaegemea nguzo ya kibanda. Baharia alipiga ubao kwa kiganja. Dokta Redio, ambaye huwa hacheki kitu kisichotoka kwake, aliachia mluzi mwembamba. Fundi aliwatazama akajiona yeye mwenyewe miaka yote ile, amekaa nyuma ya meza, akimcheka mtu aliyesimama juani na mlango uliofungwa nyumbani kwake.

— Nilikimbia! alisema, sauti ikapanda. Msidhani nilisimama tu. Nilimwachia dada mwanamke mmoja nisiyemjua, nikakimbia na ile treni mpaka jukwaa la stesheni lilipoishia. Nikampata mtu wa sare. Akanishusha ngazi mpaka ofisi moja ya vitu vilivyosahauliwa. Mngeona! Rafu hadi darini. Miavuli kama msitu. Kinanda. Magongo ya kutembelea, jozi mbili.

— Mtu anasahauje magongo? aliuliza Baharia. Ametokaje?

— Ndivyo na mimi nilivyouliza, hakuna aliyenielewa. Binti wa pale akanipa fomu. Akaniuliza kwa ishara jina lililoandikwa kwenye mkoba. Nikamwambia hakuna jina.

— Hukuandika jina? Wakili alishangaa.

— Jina ni kumkaribisha mwizi! Siku zote nawaambia wateja. Basi akasema, uchore. Nikachora.

— Ulichora mkoba?

— Kufuli ndilo lililotoka vizuri, alisema Fundi polepole. Mkoba ulifanana na gunia.

Hapo hata yule mama anayesubiri ufunguo aligeuka upande, bega likamtikisika. Fundi aliendelea upesi, ili ayamalize. Binti alimpa kijikaratasi chenye namba ya shauri na namba ya simu. Zilikuwa zimebaki saa mbili ndege iruke. Dada alikuwa peke yake juu kule na mtu baki. Alipanda ngazi, akamkuta bado amesinzia, wakaondoka.

— Na dada yako umemwambiaje? aliuliza Bi Birika.

— Nimemwambia karatasi ziko hapa kibandani, kwenye sanduku la chuma.

— Ulimdanganya mgonjwa!

— Nilitaka kwanza zipatikane! Kliniki yake ni kesho saa tatu. Nilidhani labda ndani ya siku hizi mbili...

Alikipapasa kijikaratasi kwenye mfuko wa shati, kilichokuwa kimelainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Hakuwa ameipiga ile namba. Jana alisimama nayo nyuma ya kibanda, akabonyeza tarakimu zote isipokuwa ya mwisho. Angesema nini? Kwa lugha gani? Na wakimwambia haupo, si ndio utakuwa haupo kweli?

— Usijisumbue kupiga, alisema Baharia, kana kwamba amemsoma. Mimi treni za kule nazijua. Zile hazigeuki. Zinakwenda moja kwa moja, nchi hii, nchi ile, zinavuka milima, na vitu vilivyosahauliwa vinakwenda nazo. Muda huu mkoba wako umeshavuka mipaka mitatu. Umetembea kuliko wewe.

— Haujafika popote, alisema Dokta Redio. Umelipuliwa.

— Umelipuliwa na nani?

— Na serikali. Fikirini kidogo. Mkoba hauna jina, hauna mwenyewe, umefungwa kufuli kubwa kama la gereza, uko chini ya kiti. Wale hawachezi. Wanashusha abiria wote, wanaleta mashine yenye magurudumu na mkono mmoja, inauchukua mkoba taratibu mpaka uwanjani, halafu pu! Nilisikia kabisa kwenye redio.

— Redio ipi? aliuliza Bi Birika. Ile ya mzee wa duka uliyokaa nayo tangu mvua za mwaka juzi?

— Sheria iko hivi, alisema Wakili, akiinua kidole. Mali isiyo na jina, ikikaa siku tatu, inakuwa ya dola. Leo ni siku ya ngapi?

— Ya nne tangu ipotee, alisema Fundi kinyonge.

— Basi. Jana jua lilipozama ule mkoba ulibadili uraia. Ukienda kuudai sasa, wewe ndiye mshtakiwa. Unajaribu kuichukulia dola mali yake.

— Unaona? Baharia alisema. Ndiyo maana nasema asipige. Akipiga wanajua alipo.

— Lakini mkoba ni wangu.

— Ulikuwa.

— Nyinyi wote mnazunguka, alisema Dokta Redio, akasogea mbele mpaka ubao ukalia. Hamjajiuliza wanachokitaka. Wanataka kufuli. Kufuli lisiloingia msumeno, kazi ya mkono, hakuna kiwandani! Limeshapelekwa maabara. Muda huu wamelifungua, wanapiga picha pini moja moja. Mwakani utaliona dukani lina nembo ya mtu mwingine.

Kwa kitambo kidogo sana, na baadaye alijionea aibu kwa hilo, Fundi Komeo alifurahi. Aliiona ile maabara, na watu waliovaa makoti meupe wakiinamia kazi yake na kutikisa vichwa. Kisha Bi Birika akasema:

— Angalieni anavyotabasamu! Dada mtu hana karatasi, yeye anafurahia kuibiwa!

Tabasamu likamkauka.

— Kufuli ni kisingizio, alisema Wakili, ambaye hakupenda kupitwa. Wenye mpango ni hospitali. Karatasi zikipotea mgonjwa anarudi. Akirudi anapimwa upya. Yule bwana wa kamba ni mtu wao. Alitumwa.

— Alitumwa na kamba? aliuliza Bi Birika.

— Kamba ndiyo chambo! Walishajua huyu ni fundi wa kufuli. Wakajua akiona kamba hatavumilia.

— Hilo nakubali, alisema Baharia. Mimi mwenyewe ningemkamata Fundi kwa kamba.

— Na zile picha za mifupa je? Dokta Redio alishusha sauti, akatazama huku na huku. Ndani ya mkoba si kulikuwa na picha za uti wa mgongo wa dada yake? Pingili zote? Basi mwenye picha za mifupa yako ana ramani yako. Kuna mashine siku hizi inachapa kitu kwa kukitazama kwenye picha. Wanachapa pingili, wanaziunga. Baada ya miezi sita hivi, kule ng'ambo anatembea mwanamke mwenye mgongo wa dada yake.

Bi Birika aliliweka birika chini kwenye jiko lake.

— Mungu anihurumie, alisema. Na mgongo huo utauma au hautauma?

Dokta Redio alifikiri.

— Itategemea na mashine.

Fundi aliufuta ufunguo kwa kitambaa, akauweka mezani. Aliwajua watu hawa. Alijua hakuna hata mmoja mwenye neno la kumsaidia, na bado alikuwa amewasikiliza, maana kuwasikiliza kulikuwa rahisi kuliko kupiga simu.

— Sasa kesho nifanye nini? aliuliza. Sitaki mkoba tena. Nauliza kesho.

Wakajadiliana. Baharia alishauri dada aambiwe kliniki imefungwa. Dokta Redio alishauri wachore picha nyingine ya mgongo. Mgongo ni mgongo. Ushindi ukamwendea Wakili, aliyesimama kabisa ili atoe ushauri wake.

— Fundi aende na dada yake mpaka kwa daktari, aseme kila kitu kwa mdomo. Ushahidi wa mdomo unakubalika. Yeye alikuwepo. Ni shahidi wa macho. Wiki tatu hospitalini! Karatasi za nini?

— Hapo umesema, Baharia alikubali. Mtu mzima na akili zake.

Hata Fundi alipata nafuu. Lilikuwa jambo linalowezekana. Angevaa shati safi, angesema.

Yule mama aliyekuwa akisubiri alichukua ufunguo wake, akaupapasa kwa kidole, akautia mfukoni. Mpaka hapo hakuwa amesema neno zaidi ya salamu. Alikuwa amevaa viatu vya mpira na ana kapu la nguo za kushona; hakuna pale benchini aliyemjua.

— Samahani kaka, naingilia mazungumzo, alimwambia Fundi kwa upole. Mimi nimemwuguza baba yangu miaka minne. Kesho daktari hatakuuliza habari za mkoba. Atakuuliza dada anaumwa nini hasa, walimfanyia nini, na kuna dawa gani waliyomkataza. Utamjibu nini?

— Anaumwa mgongo, Fundi alijibu mara moja.

— Mgongo wapi? Walikata, waliunga, walitoa kitu?

Benchi zima lilimgeukia Fundi, wakingoja. Wiki tatu alikuwa ameketi kwenye korido ile. Angeweza kumwambia huyu mama kwamba mlango wa wodi ulikuwa na bawaba tatu na komeo la sumaku, komeo la ovyo. Angeweza kumwambia kwamba kabati la dawa lilikuwa na kufuli ambalo yeye angelifungua kwa pini ya nywele, na kwamba alilisema hilo kwa kila nesi aliyepita. Alikumbuka asubuhi moja manesi wawili walipita mbio, wakaingia kwa dada yake. Walipotoka, dada alikuwa amevimba uso na midomo, na sindano waliyomchoma walikuwa wameiondoa. Daktari alikuja akamweleza dada kwa kirefu, kupitia kwa mkalimani. Na yeye? Yeye alikuwa mlangoni, anachunguza lile komeo.

— Kuna sindano, alisema. Kuna sindano moja ilimvimbisha.

— Inaitwaje?

Fundi alilitafuta jina kichwani, akalikuta komeo. Yule mama alimtazama kidogo, bila kumcheka, na hilo ndilo lilikuwa baya.

— Maana mwenye kidonda cha kupasuliwa, kliniki hukimbilia sindano, alisema. Wakimchoma hiyohiyo kesho...

Aliinua kapu lake, akawaaga, akavuka barabara.

— Nyinyi je? Bi Birika aliwageukia wale watatu. Asubuhi nzima mnabishana mkoba wa huyu dada. Nani kati yenu anajua hata amelala upande gani wa nyumba?

Wakili alikaa. Baharia alitazama ndani ya kikombe. Dokta Redio alisema kwamba alikuwa na redio ya kumalizia, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona akienda kuimalizia.

Fundi Komeo alifunga kibanda kabla ya saa sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba wa shemeji yake. Alitembea mpaka kwa dada yake, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa dada mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mbele yake Fundi, pamoja na mvi zake, hakuwahi kuzidi miaka tisa. Alimkuta amelala ubavu, mto umewekwa katikati ya magoti, anapembua mchele kwenye sinia lililowekwa juu ya kigoda.

— Dada, alisema akiwa bado mlangoni. Karatasi hazipo kibandani. Mkoba niliuacha kwenye treni.

Dada alitoa punje ya jiwe, akaitupa.

— Najua.

— Unajua?

— Kusinzia si kufa. Nilifumbua macho kituoni nikamwona mwanamke nisiyemjua amenishika mkono, nikakuona wewe unapanda ngazi mikono mitupu, umelowa jasho. Nikasema, huyu hataniambia. Nikangoja nione utachukua siku ngapi. Tatu! Hata ulipovunja chungu cha mama ulichukua moja.

Fundi alikaa sakafuni pale pale. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

— Dada, kesho daktari...

— Daktari ana karatasi tangu jana. Yule nesi mfupi wa wodini aliniandikia namba yake kwenye jalada la kitabu changu cha sala. Nilimwita binti wa jirani anayejua lugha yao, tukapiga. Wakazituma kwa kompyuta moja kwa moja kliniki. Hivi wewe ulizunguka stesheni yote ile, ukalowa jasho, hukuwaza hata mara moja kwamba walioandika karatasi ndio wenye karatasi?

Hakuwa amewaza. Benchi zima halikuwa limewaza.

— Basi hakuna kilichopotea, alisema, akicheka na kulia.

— Kimepotea. Dada aliacha kupembua. Sweta la marehemu mume wangu lilikuwa mle. Nililivaa kule kwa ajili ya baridi, nikakupa ulikunje. Karatasi zinaandikwa tena. Lile nani ataliandika?

Kicheko kilimwisha. Alitoa kile kijikaratasi mfukoni, akakinyoosha gotini.

— Nitapiga, alisema. Leo hii. Binti wa jirani anisaidie kusema.

— Piga. Waambie wavunje hilo kufuli lako wakitaka. Na safari hii wape jina langu. Wakisema sweta halipo, utakuja kuniambia siku hiyohiyo, si baada ya tatu.

— Nitakuja.

— Haya. Lakini kwanza sogea hapa, acha kukaa mlangoni kama mdai. Mimi kesho nikizidiwa nikashindwa kusema, wewe ndiye utakayesema. Pingili ya nne na ya tano zilikuwa zinabana mshipa wa fahamu. Wametoa kipande, wakaweka vyuma viwili. Umeelewa?

— Ya nne na ya tano. Vyuma viwili.

— Na sindano iliyotaka kuniua inaitwa seftriaksoni.

— Sefu... nini?

— Si sefu! Acha mambo ya kibandani kwako. Sef-tri-ak-so-ni.

— Seftira... seftiriaki...

— Rudia.

Alirudia akakosea. Alirudia tena, dada akamrekebisha kwa kumgonga bega na kidole, vilevile alivyomfundisha kuhesabu. Mara ya nne lilitoka lote. Dada alilisogeza sinia kando, akamwambia alitaje tena, safari hii bila kumtazama mdomo.